Maswali ya Wasomaji: Kwiri Inayopita Jaribioni na Kuanguka Kazini

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: msimbo unaotuma kwiri (maombi ya data yaliyoandikwa kwa lugha ya SQL) kwenye hifadhidata hujaribiwaje? Tumechagua sita na kuzifupisha. Mifano tumeiandika kwa hifadhidata ya PostgreSQL na lugha ya Python, kwa sababu ndizo zinazotajwa sana katika barua hizo. Anayetumia MySQL tumemtajia tofauti pale zinapouma.

Tuna programu ya chama cha ushirika cha maziwa. Mwenzangu ameandika majaribio mengi, yote yanapita, na yote hutumia muunganisho wa kuigiza badala ya hifadhidata. Lakini ripoti ya mwezi inawaacha nje wafugaji ambao hawakuleta maziwa. Majaribio yalikosea wapi? (Msomaji, Njoro)

Hayakukosea popote, kwa kuwa kwiri yenyewe hayakuigusa. Muunganisho wa kuigiza hurudisha rekodi zilezile ulizouagiza urudishe, hata kama kwiri imeandikwa `SELEKT`. Ni sawa na mwanafunzi kujitungia mtihani kisha akajisahihishia. Kilichopimwa hapo ni mistari michache ya Python inayopokea majibu, na huko hitilafu ni adimu. Hitilafu hukaa ndani ya SQL, na SQL haina njia ya kujaribiwa ila kuitekeleza kwenye hifadhidata halisi yenye rekodi chache ulizozichagua kwa makusudi.

Kwa maelezo yako, tunakisia kwiri yenu inafanana na hii:

```sql
SELECT w.id, w.jina, COALESCE(SUM(m.lita), 0) AS jumla
FROM wafugaji w
LEFT JOIN maziwa m ON m.mfugaji_id = w.id
WHERE m.tarehe >= %s AND m.tarehe < %s
GROUP BY w.id, w.jina
ORDER BY w.id;
```

Aliyeiandika aliweka `LEFT JOIN` ili asimwache mtu, kisha `WHERE` ikamfuta yeyote asiye na rekodi ya maziwa, kwa kuwa kwake `m.tarehe` ni `NULL` (yaani haina thamani), na `NULL` haipiti ulinganisho wowote. Dawa ni kuyahamisha masharti ya tarehe yakae ndani ya `ON`.

Sasa angalia rekodi za jaribio, maana hapo ndipo penye kazi. Weka wafugaji watatu. Wanjiku alete lita 8.50 tarehe 1 Machi, 6.25 tarehe 31 Machi, na 9.00 tarehe 1 Aprili. Chebet asiwe na rekodi yoyote. Mwangi awe na lita 7.00 za tarehe 28 Februari tu. Ukiomba ripoti ya Machi, jibu sahihi ni Wanjiku 14.75, Chebet 0, Mwangi 0. Kwiri ya hapo juu itamrudisha Wanjiku peke yake.

Kwa nini Mwangi, na Chebet angetosha? Kwa sababu kuna tiba ya uongo ambayo watu huikimbilia: kuongeza `OR m.tarehe IS NULL` mwishoni mwa `WHERE`. Hiyo inamrudisha Chebet lakini inamtupa Mwangi, kwa kuwa yeye anayo rekodi, ila ni ya mwezi mwingine. Jaribio lenye wafugaji wawili lingepita na kasoro ingebaki palepale.

Mkija kuongeza jedwali la makato ya chakula cha ng'ombe kwenye kwiri hiyohiyo, mpeni Wanjiku makato mawili ndani ya Machi. Mkiyaunganisha maziwa na makato moja kwa moja, kila rekodi ya maziwa itajirudia mara mbili na lita 14.75 zitakuwa 29.50. Mfugaji mwenye rekodi moja moja kila upande hawezi kuufichua mkosi huu. Jumlisha kila jedwali katika kwiri yake ndogo kwanza, ndipo uunganishe.

Linganisha jibu zima, si idadi ya rekodi pekee. Ripoti yenye wafugaji watatu wenye lita zisizo zao ina idadi sahihi pia. Na ukiondoa `ORDER BY`, hifadhidata haikuahidi mpangilio wowote, hivyo panga majibu ndani ya jaribio kabla ya kulinganisha, la sivyo litapita leo na kuanguka kesho bila mtu kugusa kitu.

Muunganisho wa kuigiza msiutupe kabisa. Unafaa kwa yale yaliyo magumu kuyaleta kwa makusudi: mtandao kukatika katikati ya kazi, seva kuchelewa kujibu, au mvutano wa kufuli (kazi mbili kusubiriana) unaotaka kazi irudiwe. Hapo unapima msimbo wako unavyopokea hitilafu, na SQL haihusiki.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Seva yetu ni PostgreSQL, lakini majaribio nayaendesha kwa SQLite ya ndani ya kumbukumbu kwa sababu ni nyepesi. Kuna ubaya? (Msomaji, Kisumu)

Upo, na huwa hauonekani hadi siku ya kupeleka programu kwa wateja.

SQLite hukubali maandishi `'abc'` ndani ya safuwima ya `INTEGER`, isipokuwa jedwali limetangazwa kuwa `STRICT`, jambo lililowezekana tangu toleo la 3.37 la mwaka 2021. Haijali urefu wa `VARCHAR(10)`. Funguo za nje haizikagui mpaka utume `PRAGMA foreign_keys = ON` katika kila muunganisho. `LIKE 'oti%'` ndani ya SQLite inampata Otieno. Kwenye PostgreSQL haimpati, kwa sababu huko herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili na unahitaji `ILIKE`. Ukipanga kwa `ASC`, SQLite huziweka `NULL` mwanzoni, PostgreSQL huziweka mwishoni. Aliye na MySQL ana lake: `7/2` kwake ni 3.5, ilhali kwa SQLite na PostgreSQL ni 3. Kila mojawapo ya tofauti hizi inaweza kulipitisha jaribio ambalo lilipaswa kuanguka.

Tena, kila muunganisho mpya wa `:memory:` (SQLite ya ndani ya kumbukumbu) ni hifadhidata mpya isiyo na kitu. Ukiona hitilafu ya jedwali kutokuwepo na una hakika umeliunda, kagua kama msimbo wako umefungua muunganisho wa pili.

GB 4 zinatosha PostgreSQL ya majaribio. Kumbukumbu yake ya pamoja ni MB 128 usipobadilisha kitu, na wewe huna haja ya Docker (programu ya kuendesha seva ndani ya kontena). Anzisha klasta (seva yenye folda yake ya data) ya pembeni, mbali na ile yenye data unayoijali:

```
initdb -D ~/pg_majaribio
pg_ctl -D ~/pg_majaribio -o "-p 5433 -k /tmp" -l ~/pg.log start
```

Kwenye Ubuntu amri hizo zimo ndani ya `/usr/lib/postgresql/`, katika folda ya `bin` ya toleo lako. Hiyo `-k /tmp` ni ya kuepuka kukataliwa ruhusa ya kuandika soketi mahali pa kawaida. Kabla ya kuiwasha, ongeza mistari hii mitatu ndani ya `postgresql.conf` ya klasta hiyo:

```
fsync = off
synchronous_commit = off
full_page_writes = off
```

Mwendo utaongezeka kwa sababu haisubiri tena diski kuthibitisha kila uandishi. Bei yake ni kwamba stima ikipotea ghafla, klasta nzima inaweza kuharibika. Kwa data ya majaribio si hasara: futa folda uanze upya. Ndiyo maana tumesema klasta ya pembeni. `fsync` ni ya klasta yote, huwezi kuizima kwa hifadhidata moja ukaiachia jirani yake.

Kinachochelewesha zaidi kwa kawaida ni kuunda majedwali upya kila mara. Yaunde mara moja ndani ya hifadhidata iitwayo, tuseme, `kiolezo`, kisha kila unapoendesha majaribio tuma `CREATE DATABASE jaribio TEMPLATE kiolezo;`. Amri hiyo hukataa ikiwa kuna muunganisho wowote uliobaki wazi kwa `kiolezo`. Mara nyingi ni dirisha la `psql` ulilolisahau.

SQLite ni chaguo sahihi pale programu yenyewe inapotumia SQLite, kwa mfano ile ya simu ya kurekodi mizani mashambani mahali pasipo na mtandao.

Jaribio moja likiendeshwa peke yake linapita. Nikiyaendesha yote pamoja, matatu au manne yanaanguka, na si yaleyale kila mara. (Msomaji, Kakamega)

Rekodi za jaribio moja zinabaki na kulichafulia linalofuata. Dawa ya kawaida ni kufungua muamala (kundi la amri zinazohifadhiwa au kufutwa kwa pamoja) mwanzoni mwa kila jaribio na kuurudisha nyuma mwishoni:

```python
@pytest.fixture
def conn():
    c = psycopg.connect("dbname=jaribio host=/tmp port=5433")
    c.execute("SELECT 1")
    yield c
    c.rollback()
    c.close()
```

Huo mstari wa `SELECT 1` una kazi. Katika Psycopg 3, maktaba ya Python ya kuunganisha na PostgreSQL, muamala huanza kwa amri ya kwanza. Msimbo wako ukitumia `with conn.transaction():` huku muamala umekwisha kuanza, utapata kituo cha kurudia (savepoint) tu, na `rollback()` ya mwishoni itafuta kila kitu. Lakini ikiwa hakuna amri iliyotangulia, bloku hiyo ndiyo inakuwa muamala wenyewe, nayo itahifadhi data kabisa inapofungwa. Huenda ndicho kinachokupata.

Chanzo kingine ni fanksheni inayoita `conn.commit()` yenyewe. Fanksheni ya kwiri haifai kufanya hivyo. Mwenye kuamua kazi imekamilika ni aliyeiita. Ukilirekebisha hilo, majaribio yanatulia, na pia unaweza kuunganisha fanksheni mbili ndani ya muamala mmoja bila kuhofia nusu ya kazi kuhifadhiwa na nusu kupotea.

Njia hii ina mitego yake, na tunaona heri uijue yote kabla ya kupoteza wikendi. Namba za mfuatano hazirudi nyuma pamoja na muamala, hivyo jaribio linalotarajia `id` kuwa 1 litaanguka mara ya pili. Ipokee `id` kwa `RETURNING`, usiikisie. `now()` hutoa wakati ambao muamala ulianza, kwa hiyo rekodi zote za jaribio moja zitakuwa na `created_at` moja, na kwiri ya "malipo ya mwisho" itachagua yoyote. Weka saa mwenyewe katika kila rekodi. Ukijaribu kwamba kizuizi cha `UNIQUE` kinakataa, muamala mzima unakuwa batili na amri zinazofuata zitakataliwa. Ifungie amri hiyo moja ndani ya `with conn.transaction():`. Vizuizi vilivyoahirishwa hukaguliwa wakati wa `COMMIT`, ambayo hapa haifiki kamwe. Tuma `SET CONSTRAINTS ALL IMMEDIATE` kabla ya kuhitimisha jaribio.

Kwenye MySQL, `CREATE TABLE`, `ALTER TABLE` na `TRUNCATE` huhifadhi muamala papo hapo bila kukuuliza. Amri moja ya namna hiyo katikati ya jaribio huondoa kinga yote.

Ripoti ya malipo ya wakulima wa miwa inapungukiwa na malipo ya siku ya mwisho wa mwezi. Kwa laptopu yangu hesabu ni sahihi. Kwa seva si sahihi. (Msomaji, Bungoma)

Una hitilafu mbili zilizokaa pamoja, na ndiyo maana ukishika moja nyingine inakuponyoka.

Ya kwanza ni `BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-03-31'`. Safuwima ikiwa na saa, huo mwisho humaanisha usiku wa manane wa kuingia tarehe 31. Malipo ya saa nne asubuhi ya siku hiyo yako nje. Andika `>= '2025-03-01' AND < '2025-04-01'` na usiwaze tena mwezi una siku ngapi.

Ya pili ni ukanda wa saa. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima. Malipo yaliyoingia tarehe 1 Aprili saa 00:30 kwa saa za Kenya ni tarehe 31 Machi saa 21:30 kwa UTC. Seva iliyowekwa UTC ikitekeleza `date_trunc('month', muda)` itayahesabu Machi, na laptopu yako iliyo kwenye `Africa/Nairobi` itayahesabu Aprili.

Unda mipaka miwili ndani ya Python kwa ukanda wa `Africa/Nairobi` na uitume kama vigezo. Kisha andika jaribio lenye rekodi nne tu: tarehe 28 Februari saa 23:59:59, tarehe 1 Machi saa 00:00:00, tarehe 31 Machi saa 23:59:59, na tarehe 1 Aprili saa 00:00:00, zote zikiwa na `+03`. Za katikati zihesabiwe, za pembeni ziachwe. Liendeshe mara mbili, kwanza baada ya `SET TIME ZONE 'UTC'`, pili baada ya `SET TIME ZONE 'Africa/Nairobi'`. Majibu yakitofautiana, kwiri yako bado inategemea mipangilio ya seva.

Ukiwa huko, ondoa `CURRENT_DATE` ndani ya kwiri zote. Tarehe ya leo iingie kama kigezo. Jaribio lisiloweza kuchagua leo ni tarehe ngapi haliwezi kupima mwisho wa mwezi mpaka mwisho wa mwezi ufike. Na kama shilingi zimehifadhiwa kwa `FLOAT`, zihamishe ziwe `NUMERIC(12,2)`, ama senti nzima.

Ninatengeneza mradi wa chuo unaopokea taarifa za M-Pesa. Wakati mwingine taarifa moja huletwa mara mbili na salio la mteja huongezeka mara mbili. Nimeweka `SELECT` ya kuangalia kama msimbo wa malipo upo kabla ya `INSERT`, na jaribio linapita. Je, nimemaliza? (Mwanafunzi, Maseno)

Bado. Taarifa mbili zikiingia kwa pamoja, zote mbili zitaangalia, zote hazitaona kitu, na zote zitaandika. Jaribio lako linapita kwa sababu linatuma ya pili baada ya ya kwanza kumaliza.

Kazi hiyo iachie hifadhidata. Weka `UNIQUE` kwenye safuwima ya msimbo wa malipo, kisha tumia `INSERT ... ON CONFLICT (msimbo) DO NOTHING`. Salio liongezwe ikiwa `rowcount` ni 1, na ndani ya muamala uleule. Kwa MySQL usikimbilie `INSERT IGNORE`: humeza hitilafu nyingine pia na kuzigeuza onyo, kwa hiyo kiasi kilichoandikwa vibaya kinaweza kupenya.

Jaribio la kwanza ni jepesi: tuma taarifa ileile mara mbili, hakikisha rekodi ni moja na salio limepanda mara moja. La pili linahitaji miunganisho miwili. Wa kwanza uandike bila kuhifadhi. Wa pili, ndani ya uzi (thread) wake, utume msimbo uleule. Utakwama ukisubiri, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha hifadhi wa kwanza, subiri wa pili umalize, hesabu rekodi. Mbinu ya kurudisha muamala nyuma haifai hapa, kwa kuwa muunganisho mmoja hauoni ambacho mwenzake hajakihifadhi. Safisha mwishoni kwa `TRUNCATE malipo, wateja RESTART IDENTITY CASCADE`, na uyaweke majaribio ya aina hii kwenye faili lake, yasichanganyike na yale mepesi.

Ni rahisi zaidi kunakili hifadhidata ya kazini na kujaribia kwayo. Tena ndiyo itakayonionyesha kama kwiri ni nzito. Mnasemaje? (Msomaji, Nakuru)

Tunasema usifanye. Majina, namba za simu na vitambulisho vya wateja vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na laptopu inayobebwa kwenye matatu si mahali pake. Hata bila sheria, nakala hiyo ni jaribio baya. Imejaa rekodi za kawaida, na huenda haina hata mfugaji mmoja wa aina ya Mwangi tuliyemtaja kwa msomaji wa Njoro. Hakuna pia anayejua jibu sahihi la rekodi zote hizo, basi utalinganisha na nini?

Uzito wa kwiri ni suala lingine, na lina kipimo chake. Tengeneza rekodi 100,000 za uongo kwa `generate_series`, tuma `ANALYZE`, kisha usome `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`. Usiandike jaribio linalodai faharasa (index) itumike kwenye jedwali lenye rekodi tano. PostgreSQL italisoma jedwali zima, nayo itakuwa sahihi, kwa kuwa lote linaenea katika ukurasa mmoja wa KB 8.

Katika majaribio ya kila siku, kipimo cha uzito kinachofaa ni idadi ya kwiri. Orodha ya wafugaji watatu ikituma kwiri nne, weka wafugaji kumi uone kama zitakuwa kumi na moja. Zikipanda hivyo, msimbo unamwendea kila mfugaji kivyake. Wanaotumia Django wanayo `assertNumQueries` tayari; wengine wanaweza kuhesabu kwa kuufunika muunganisho na kipande kidogo cha msimbo kinachoongeza namba kila `execute` inapoitwa.